Meza ya Kuazima

Juma lililopita mliniacha mbele ya ofisi ya wilaya, kofia mkononi, ombi langu limekwisha kupigwa muhuri. Barua zenu nimezipata. Mmoja ananiuliza: "Weye uliyekuwa unapigia bazungu makelele, ulienda kubaomba karte?"

Nilienda. Sitafuti pa kujificha. Nilienda kwa sababu ya uoga, na leo nitawaambia uoga ule ulinifikisha wapi kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza ajue haya. Jina langu Alphonse. Mwaka 1953 nilikuwa mpaka rangi kwenye karakana ya reli, hapa hapa Élisabethville. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba na herufi ubavuni mwa mabehewa. Ndivyo nilivyojua kusoma, bila mwalimu, bila padri, herufi moja kubwa kama mlango kila siku.

Mwaka 1941, wagomaji walipopigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira, nilikuwa kati yao. Mimi nilikimbia, wengine walibaki chini. Nikafungwa miezi minane. Siku ya kutoka mzungu mmoja akaniambia: "Neno moja tena, utakuwa relégué. Treni itakupeleka mbali, na bibi yako hautamuona tena."

Neno lile nililibeba miaka kumi na mmoja. Lakini mkono haukutulia. Usiku na mchana watu wa mtaa wetu wa Kenya walikuwa wakija kwangu niwaandikie barua za malalamiko, nami niliandika. Mwezi wa tatu polisi wakapita mara mbili kuuliza mwandiko ule ni wa nani.

Ndipo nikasikia kwamba mwenye karte ya immatriculé, Mwafrika aliyehesabiwa kuwa "amestaarabika", hatupwi ovyo. Nikaamini. Muntu anayezama haulizi kamba ni ya nani.

Sasa tuendelee.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mposho, mwezi wa tano. Baridi ilikuwa imeanza, majani ya porini yamekauka, na majivu ya moto wa nyasi yanaangukia kila nguo iliyoanikwa. Saa mbili asubuhi Clément akasimamisha baiskeli mlangoni. Clément alikuwa karani wa komisyo, kamati iliyokuwa inatoa karte, Mweusi kama mimi, lakini kola yake ilikuwa ngumu hata shingo haigeuki.

"Monsieur Alphonse! Kesho, kisha misa, komisyo inakuya kwenu."

"Kesho? Walisema mwezi wa sita!"

"Njo vile banafanya. Banakuya gafula, baone namna munaishi." Akanisogelea. "Banaangaria meza. Bwana na bibi bakule pamoja, na uma, na kitambaa juu ya meza. Kwa Mutale baliingia mpaka mu kabine, mu choo. Alikosa karte juu ya nzi."

Akanipa karatasi. Wageni watatu: Monsieur Vanderelst, président. Madamu wa foyer, yule anayefundisha wanawake kushona. Na Clément mwenyewe.

Akapanda baiskeli akicheka.

Agnès, mke wangu, alisikia yote kutoka uani. Akaingia, akafunga kitambaa kichwani, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Baba Edith, leo hapa hakuna bwana. Kuko boyi mumoja, jina yake Alphonse. Kamata ndoo."

Nikakamata ndoo. Safari tisa mpaka kwenye bomba. Nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Nikatia majivu na kereziri, dawa ya kuua wadudu, ndani ya choo, nikaua nzi kwa kandambili kama mwehu. Agnès alisugua sakafu kwa tofali, akatoa nje kinu na mchi, akaficha kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa jirani. Edith, binti yetu wa miaka tisa, tulimtuma kwa nyanya yake akalale huko, asije akasema neno.

"Na bile bikaratasi byako?" akauliza Agnès.

"Vikaratasi gani?"

"Usinichekeshe. Daftari."

Nilikuwa na daftari moja. Ndani yake nilikuwa nimeandika majina ya wale wa 1941, niliowajua na niliotajiwa na wajane wao, na kila mmoja kijiji chake. Miaka kumi na mmoja nililihamisha: chini ya kitanda, juu ya dari, ndani ya gunia la unga.

Nililitoa. Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa inawaka, maharagwe yako juu. Niliichana karatasi moja moja na kuitia chini ya chungu.

Agnès alikoroga tu maharagwe.

Mnaosema mimi ni mtu wa kumbukumbu ndefu, jueni kwamba majina yale niliyafanya kuni za kupikia chakula kwa mkono wangu. Nilikula, na nilishiba.

Saa nane tukapata uma. Zilitoka kwa Mama Mujinga, jirani yetu Mkasai, mke wa fundi cherehani. Alizileta ndani ya aproni, akasimama katikati ya sebule yetu nyeupe, akapiga makofi, akaniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Ee, yaya Alphonse! Leo utakula bukari, ugali yetu, na uma? Angaria, utajichoma macho!"

"Mama Mujinga, tusaidie, usituue."

"Nabasaidia! Lakini kitambaa ya meza miye sina. Yangu ililiwa na panya."

Agnès akakaa chini akilia. Tulikuwa na meza, ilitengenezwa na fundi wa karakana kwa mbao za masanduku, na maandishi ya sanduku yalikuwa bado yanaonekana: JUU HAPA. Bila kitambaa ingekuwa aibu tupu.

Ndipo akafika Antoine.

Antoine ni mdogo wake Agnès, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kufua nguo kwa mzungu mmoja wa mjini. Zamani zile wafuaji wengi walikuwa wanarudi Cité, mitaa yetu sisi Weusi, Jumamosi na mzigo wa kunyoosha, na kuurudisha Jumatatu. Nguo za wazungu zilikuwa zinalala kwetu siku mbili. Ninyi mliocheza dansi Kenya mnajua: nusu ya suruali zilizozunguka Jumapili zilikuwa na mwenyewe anayelala mchana kule mjini. Hakuna aliyeita jambo hilo wizi. Jumatatu nguo ilirudi, imefuliwa tena, imenyooshwa, na mwenyewe hakujua.

"Yaya, unalia nini?" akamuuliza dada yake.

Agnès akamweleza. Antoine akacheka, akafungua mzigo.

Mama yangu! Kilikuwa kitambaa cheupe, kizito, kimeshonwa maua meupe pembeni. Nimepaka rangi nyeupe miaka kumi na sita, sijaona nyeupe namna ile.

"Shemeki, tia hii ku meza. Lundi asubui naikamata, nairudisha. Kwisha."

"Ni cha nani?"

"Ya Bwana Shingo, bwana yangu. Na yeye anasafiri kila siku ya Mungu, kila Jumapili, anaenda kuwinda."

Bwana Shingo. Hebu niwakumbushe vijana. Hakuna mzungu wa mji huu aliyekuwa na jina lake mwenyewe midomoni mwetu. Wote tuliwabatiza. Kulikuwa na Bwana Kikohozi, Bwana Hapana-Hapana, Madamu Funguo. Mtu alimfanyia mzungu kazi miaka kumi asijue baba yake alimwita nani.

Antoine hakujua kusoma. Mfukoni alikuwa na kitabu chake cha kazi, na jina la bwana wake limeandikwa ndani yake. Mimi, msomaji, mwandishi wa barua za mtaa mzima, ningeweza kusema: "Shemeki, lete nione."

Sikusema. Nilishika pasi ya makaa, nikanyoosha kitambaa. Pembeni, kati ya maua, vidole vyangu viligusa herufi mbili za uzi mweupe: P.V. Nikafikiri ni alama ya duka la Ulaya.

Jumapili.

Tulienda misa ya kwanza. Sikusikia hata neno. Tuliporudi Antoine alikuwa ameshafika, anachemsha kahawa kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, maana yeye ndiye aliyejua kahawa ya kizungu. Meza imetandikwa. Sahani tano, uma, maua ya bustani ndani ya glasi. Agnès amevaa robe ya bluu aliyoishona foyer. Alikuwa mzuri mpaka nikamuogopa.

"Usinyonye meno," akaniambia.

"Na weye usipige magoti."

"Kupiga magoti kwa nani?"

Motokaa ikasimama. Watu wa mtaa wote wakatoka nje. Akashuka Clément. Akashuka madamu wa foyer, mfuko mkononi. Kisha mlango wa mbele ukafunguka.

Kwanza niliona shingo.

Ndefu, nyekundu, imetoka kwenye kola kama ya bata mzinga, na katikati kifundo kinachopanda na kushuka. Clément akavuta pumzi, akasema kwa Kifaransa cha sherehe: "Monsieur Paul Vanderelst, président."

P.V.

Ndugu zangu, nimeona maiti, nimelala gerezani. Sijawahi kuogopa kama pale kwenye mlango wangu mwenyewe, ukuta wake bado unanuka chokaa.

"Karibu, bwana," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Nikamnong'oneza Agnès: "Toa kitambaa."

"Nini?"

"Toa! Ni yeye Shingo!"

Alitazama meza, akatazama wageni wanaopanda ngazi. Hakukuwa na nafasi. Akafanya alichoweza: akasukuma sahani kubwa ya mikate juu ya zile herufi, akaenda nyuma kuleta kahawa. Kutoka kwenye kibanda nikasikia kikombe kikianguka, na sauti ya Antoine, chini chini:

"Yaya, njo yeye, bwana yangu. Nimeona shingo. Yaya, nakufa."

"Nyamaza. Kaa chini. Usitoke."

Wakaketi. Bwana Vanderelst aliuliza maswali kutoka kwenye karatasi, kwa Kiswahili kile cha kuagiza boyi. "Weye nasoma gazeti? Weye nalala mu drap, mu shuka? Bibi yako nakula na weye ku meza?" Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Clément aliandika. Agnès alimimina kahawa bila kumwaga tone, mpaka leo sijui aliwezaje. Bwana alikunywa, akatikisa kichwa.

"Kahawa muzuri. Sawa kahawa ya kwangu."



Tulikuwa tumebakiza dakika chache. Clément amekwisha kufunga kalamu yake. Bwana amekwisha kushika kofia. Ndipo madamu wa foyer, mwanamke mwema, asiye na ubaya wowote, akapapasa kitambaa.

"Mais regardez! Tazameni! Mama Agnès, maua haya ulishona weye?"

Akasogeza sahani ya mikate ili aone vizuri.

"Mulume yangu alinunua, madamu," Agnès akasema haraka. Haraka sana.

"Na hizi herufi?"

"Za duka, madamu."

Bwana Vanderelst akainama. Kifundo cha shingo kikapanda, kikakaa juu, hakikushuka. Akagusa herufi kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayegusa uso.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Clément," akasema, "peleka madamu ku motokaa. Ngojea kule."

Wakatoka. Agnès naye akaambiwa atoke, akaenda nyuma kwa ndugu yake. Bwana akafunga mlango, akaketi tena kwenye kiti changu.

"Hii iko ya mama yangu," akasema. "Yeye nashona. Yeye nakufa mwaka jana kule Bulaya. Weye nanunua kwa nani?"

"Bwana, si kununua. Ni kuazima. Leo tu, kwa sababu yenu. Kesho kingerudi, kimefuliwa."

"Kuazima? Weye naomba miye? Miye nakubali?"

Nilianza kusema habari za wafuaji, desturi ya mji, Jumamosi mpaka Jumatatu. Aliinua mkono.

"Antoine iko mwizi. Na weye, muntu nakamata kitu ya mwizi, jina yake nini?"

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Akatoa karatasi safi kwenye mfuko wake, akaiweka juu ya maua ya mama yake, na kalamu juu ya karatasi.

"Miye nasoma dossier, faili yako. Najua 1941. Najua barua. Mwandiko yako muzuri, Alphonse, miye nausoma sana." Akatabasamu kidogo. "Andika: Antoine naleta kitambaa, nasema ni yake, weye haujui. Tia jina yako chini. Karte itakuja mwezi ya sita. Na siku ingine, kama iko mambo mu Kenya, weye utaniandikia tena."

"Na nisipoandika?"

"Merkredi iko treni."

Jumatano: treni ile ya relégué.

Nataka kuwaambia kwamba nilisimama imara. Nataka kuwaambia kwamba nilimtupia kalamu, nikamwambia maneno niliyowaambia ninyi miaka hii yote kwenye mikutano, ngumi juu. Nimefikiria maneno hayo kila siku tangu siku ile, yako tayari, yanameta.

Nilimuona Edith akikua bila baba. Nilimuona Agnès akifukuzwa nyumbani. Nilisikia treni.

Nikaketi. Nikaandika.

"Mimi, Alphonse, mpaka rangi, nashuhudia ya kuwa Antoine, mfuaji, alileta nyumbani kwangu kitambaa akisema ni mali yake, na mimi sikujua kuwa kimeibwa…"

Niliandika vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wakati wa kuandika mkono ulitulia kama uko kwenye ubavu wa behewa. Nilikuwa nimefika mwisho, nakaribia kutia jina langu chini, mlango wa nyuma ukafunguka.

Agnès. Hakupiga hodi.

"Bwana," akasema, "ni miye. Muloko yangu Antoine haiko na makosa. Nilimudanganya, nilimwambia madamu ya kwako ametupa ruhusa. Andika miye."

Akasema hivyo amesimama wima, mikono chini. Ile habari ya kupiga magoti kwa nani, alikuwa anaijibu.

Bwana Vanderelst alimtazama, akanitazama mimi. Shingo yake ikageuka polepole.

"Mama, weye nachelewa. Bwana yako namaliza." Akamsogezea karatasi kwa kidole. "Weye najua kusoma?"

Anajua. Nilimfundisha mimi mwenyewe, mwaka ule wa kwanza wa ndoa, kwa kipande cha chokaa, juu ya mlango huu huu.

Akaichukua. Akasoma kwa sauti, polepole, kama nilivyomzoesha, kila neno likisimama peke yake. "Mimi. Alphonse. Mpaka rangi. Nashuhudia."

"Mama Edith, acha," nikasema.

Akaendelea. Alipofika kwenye jina la mdogo wake hakushusha sauti. Alilisema kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Nyuma ya nyumba kukasikika kishindo. Sinia lilianguka, kisha miguu, kisha ua wa matete ukavunjika. Kutoka barabarani Clément akapiga kelele: "Bwana! Ule boyi anakimbia! Anakimbia!"

Bwana Vanderelst hakuinuka hata.

"Ongeza," akaniambia. "Andika: nakimbia. Kisha tia jina."

Akanyoosha mkono kwa Agnès apewe karatasi.

Agnès aliikunja mara moja. Akaikunja mara ya pili. Halafu akafungua kifungo cha juu cha ile robe ya bluu, akaitia kifuani, akafunga kifungo. Nje, mtaa mzima ulikuwa umejaa kwenye madirisha yetu, Mama Mujinga mbele, na madamu wa foyer anarudi mbio.

Mzungu yule alielewa. Yeye mwenyewe, président wa komisyo ya ustaarabu, hangeweza kutia mkono pale mbele ya watu wote wale.

Mkono wake ukarudi mezani. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukawa mwekundu kama shingo.

"Weye iko bwana yake," akaniambia. "Weye, toa."

Agnès akanigeukia. Hakulia, hakunitukana. Alinyanyua tu kidevu, akaacha mikono yake ikining'inia pande mbili, kifua wazi mbele yangu, akangoja aone nitafanya nini.

Niliinuka kwenye kiti. Mengine juma lijalo.